Usinunue «i7» kwa macho tu

Wandugu, wakati wa kazi yangu ya mwisho ya lisanse katika kilimo nilitafuta mashini iliyokwisha tumika, ili nichore ramani za mashamba kwa QGIS. Muuzaji alikuwa na mbili, bei sawasawa: i5 na i7. Nikakamata i7 mbiombio. Saba si inapita tano?

Kumbe hapana. Yangu ilikuwa i7-7500U, iko na viini viwili. Ile i5-8250U niliyoiacha iko na vinne. Viini ni kama watu wa jembe: wawili hawamalize shamba sawa na wanne. Ramani zikakawia, kidogo tu nipitwe na siku ya kutoa kazi. Kosa ni langu, sikusoma namba.

i5 na i7 zinalinganishwa ndani ya kizazi kimoja. Kizazi kinasomwa nyuma ya kistari: 7500 ni cha 7, 8250 ni cha 8. Ikianza na 10 ao 11, soma zote mbili. Herufi U mwishoni: inakula umeme kidogo, batri inakawia. H: iko na nguvu, lakini inapata moto na inamaliza batri.

Kabla ya kulipa, washa mashini, bonyeza Windows na R, andika msinfo32. Hapo utaona jina la prosesa na hesabu ya viini. Uliza pia RAM ya GB 8 na disk ya SSD. Bila hizo, hata prosesa nzuri itabaki inangojea.