Tanki ya asidi: hesabu ya mashini, nani anaipima?

Ndugu zetu wa mu mine, kila siku munapita karibu na tanki kubwa za kuyeyushia shaba mu asidi. Ukuta wa tanki ni chuma chembamba, milimita chache tu, na unashika tani mamia. Nguvu inatoka wapi? Inatoka mu umbo. Muangalie manjanja ya nyumba: toli ya kunyooka inapinda kama karatasi, ila ikikunjwa mawimbi, fundi anaitembelea juu.

Mbele ya kujenga, enjenyeri anapima ukuta mu ordinatere. Programu inaukata vipande vidogo, inahesabu vile kila kipande kinavyopinda na kuvutika, kisha inaviunganisha. Shida ni kwamba mashini haina haya. Ukiipa vipande vikubwa sana ao vyenye umbo baya, mara nyingi inaonyesha ukuta mugumu kuliko ulivyo. Namba zinatoka nzuri, kumbe ni za uongo.

Njo maana programu inapewa mtihani ambao jibu lake linajulikana. Mmoja ni paa ya Scordelis na Lo, ya tangu miaka ya 1960. Ni paa ya kupinda, urefu futi 50, unene robo futi, imeshikwa ku ncha mbili tu. Katikati ya ukingo ulio wazi inapaswa kushuka futi 0.3024, karibu sentimita 9. Programu ikisema 5, imeanguka. Na ukizidi kukata vipande vidogo, jibu linapaswa kusogea karibu na ile namba na kutulia pale.

Lakini programu kupita mtihani haitoshi. Na kazi yenyewe inaomba kupimwa. Tarehe 23 mwezi wa 8, 1991, mu Norwe, jukwaa la petroli Sleipner A, la zege, lilikuwa linateremushwa mu maji kwa majaribio. Ukuta ulipasuka, maji yakaingia, jukwaa lote likazama. Hakuna aliyekufa, ila hasara ilikuwa karibu dola milioni 700. Uchunguzi ulionyesha kwamba ordinatere, kwa vipande vilivyopangwa vibaya, ilipunguza nguvu ya kukata ukuta kwa asilimia 47. Chuma ndani ya zege nacho kilikuwa kifupi. Hesabu ilipofanywa upya vizuri, ilisema ukuta utavunjika ku metre 62. Ulivunjika ku 65. Hesabu nzuri ilikuwa inawezekana tangu mwanzo.

Ku sisi, kuna jambo lingine: asidi inakula chuma. Toli ikibaki nusu ya unene wake, ugumu wake wa kupinda unabaki sehemu moja tu ya nane. Hesabu ya siku tanki ilipojengwa haisemi tena kweli ya leo.

Kwa hiyo, ku mkutano wa usalama, tuulize bila woga: Hesabu ilirudiwa na vipande vidogo zaidi? Tanki ilijazwa maji mbele ya asidi, na vipimo vikalinganishwa na hesabu? Unene wa ukuta ulipimwa lini mara ya mwisho?

Kuuliza si kumuzarau enjenyeri. Mwenye kupima kazi yake vizuri anafurahi kuonyesha. Na ule anayelala chini ya manjanja akingoja baba arudi, naye ana haki ya kujua.