Mnyama Uliyemfunga Ni Dhamana Yako

Kama unakaa Voi au mahali popote katika nchi ya chini ya Taita Taveta, wajua kwamba mafuriko yetu yana hila. Mvua yaweza kunyesha usiku kucha juu ya vilima vya Taita, na huku chini lisianguke hata tone. Kisha maji hushuka kwa Mto Voi na kwa makorongo yaliyokuwa makavu, yakawakuta watu wamelala. Vuli ya 1961, ya 1997 na ya 2023 ilileta mafuriko makubwa katika Kenya, na mengine yatakuja.

Mtu akisikia maji huamka akakimbia. Mbuzi asiyefungwa naye hutafuta mwinuko kwa akili yake. Lakini mbwa aliye kwenye mnyororo, mbuzi aliye kambani na kuku waliofungiwa bandani hawawezi kujiokoa. Ulipomfunga mnyama ulimwondolea miguu yake. Basi yakupasa wewe uwe miguu yake.

Wako watu wasemao, "Watu kwanza, wanyama baadaye." Ni kweli kabisa. Usirudi majini kumfuata mbuzi, wala usimtume mtoto. Maji ya magotini yakienda kwa nguvu huweza kumwangusha mtu mzima. Ndiyo maana kazi hii hufanywa kabla ya mvua, wala si usiku wa mafuriko.

Kwanza, tazama mahali lilipo zizi lako. Takataka zilizonasa katika miti ya kando ya korongo zitakuonyesha maji yalifika wapi zamani. Jenga juu ya alama hiyo.

Pili, mlango wa zizi ufungwe kwa kitu ambacho mtu aweza kukifungua upesi gizani, na kamba ya mnyama iwe na fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja.

Tatu, chagua sasa mwinuko mtakaokimbilia, mkubaliane na mwenye shamba hilo.

Nne, weka tayari tenga la kuku, kamba ya mbwa, na cheti chake cha chanjo ya kichaa cha mbwa.

Idara ya Hali ya Hewa hutoa utabiri kabla ya msimu wa mvua, sikiliza redio. Onyo likitolewa, hamisha wanyama mchana. Na kama maji yamekuja ghafula, ikiwa waweza kufika bila hatari, fungua mlango, kata kamba, ukimbie. Mnyama aliyefunguliwa ana bahati yake, aliyefungwa hana.

Usimdharau mbwa kwa kuwa hauzwi sokoni. Mbwa walioachwa bila chakula hukusanyika na kushambulia mbuzi wadogo, na wasiochanjwa waweza kuleta kichaa kijijini. Tena sheria ya Kenya ya kuzuia ukatili kwa wanyama, sura ya 360, inamkataza mtu kumtesa mnyama bila sababu.

Maji yakipungua, kazi haijaisha. Mizoga isiliwe, ifukiwe chini sana, mbali na kisima. Homa ya Bonde la Ufa, iliyotambuliwa karibu na Naivasha mwaka 1931, hufuata mvua nyingi, kwa kuwa mayai ya mbu wanaoieneza hukaa udongoni miaka mingi yakingoja maji. Iliua watu na mifugo katika Kenya baada ya mvua za 1997 na za 2006. Kondoo au mbuzi wengi wakitupa mimba kwa wakati mmoja, usiwashike kwa mikono mitupu, usichinje, usinywe maziwa mabichi. Mwite afisa wa mifugo.

Leo jioni nenda kwa mbwa wako, fumba macho, ujaribu kumfungua. Ikikushinda, badilisha fundo hilo kabla hujalala.