Tembe ya Livingstone

Tembe ya Livingstone ni nyumba ya kihistoria huko Kwihara, kilomita chache kutoka mji wa Tabora, magharibi mwa Tanzania. Siku hizi ni makumbusho. Kwa kuwa imefanyiwa ukarabati mkubwa, huulizwa kama bado ni nyumba ileile aliyokaa David Livingstone.

Historia

Kwihara ilikuwa kituo cha wafanyabiashara Waarabu na Waswahili kwenye njia ya misafara kati ya Bagamoyo na Ujiji. Henry Morton Stanley alifika hapo mwaka 1871, akarudi pamoja na Livingstone mnamo Februari 1872. Stanley aliondoka Machi kwenda pwani. Livingstone alibaki hadi Agosti akisubiri wapagazi. Mwaka 1873 Chuma, Susi na wenzao waliupitisha mwili wake hapo wakiupeleka pwani.

Ujenzi

Tembe hujengwa kwa miti na udongo, na paa lake bapa hufunikwa kwa udongo. Mvua humomonyoa kuta na paa, mchwa hula miti. Tembe isiyokandikwa upya haidumu. Kwa hiyo hata wenyeji wake wa kwanza walilazimika kuitengeneza mara kwa mara.

Uhalisi

Mkataba wa Venice wa mwaka 1964 unasisitiza kutunza vifaa vya asili, na kwamba sehemu mpya itambulikane. Sharti la kwanza ni gumu kwa nyumba ya udongo. Tamko la Nara (Japani) la mwaka 1994 lilipanua kipimo: pamoja na vifaa, huangaliwa pia umbo, matumizi, ufundi na mahali.

Kwa kipimo hicho, udongo mpya uliokandikwa kwa ufundi wa zamani hauondoi uhalisi wa tembe. Saruji ni jambo jingine: hufungia unyevu ndani ya ukuta wa udongo, nao hulegea na kubomoka. Vilevile kumbukumbu za matengenezo zinahitajika, ili mgeni ajue kipi ni cha kale na kipi kimeongezwa.

Tangu mwaka 2006 Kwihara imo katika orodha ya mapendekezo ya Tanzania kwa Urithi wa Dunia wa UNESCO, kama sehemu ya njia ya kati ya biashara ya watumwa na pembe za ndovu. Mahali pa kihistoria hapaingii katika Urithi wa Dunia bila uhalisi wake kuthibitishwa.