Kuezua paa la asbestosi: nyundo iwekwe kando

Kuezua paa kuukuu la banda la gari na kuezeka jipya ni kazi ya siku moja kwa fundi mwenye nyundo na kijana wa kumsaidia. Ndivyo ilivyo iwapo paa hilo ni la bati. Likiwa la asbestosi, nyundo ndiyo ya kwanza kuwekwa kando.

Asbestosi ni kundi la madini yenye nyuzi nyembamba ambazo, zikichanganywa na saruji, hutoa karatasi ngumu isiyoshika moto wala kutu. Karatasi hizo za kijivu, zenye mawimbi, ziliezeka baadhi ya shule, ofisi na nyumba za watumishi nchini. Huko Uingereza zilifunika mabanda mengi ya magari yaliyounganishwa kwa vipande vya zege kutoka kiwandani.

Karatasi nzima isiyoguswa haina hatari kubwa. Balaa huanza inapovunjwa, kukatwa kwa msumeno au kutobolewa. Hapo nyuzi zisizoonekana kwa macho huelea hewani, huvutwa na kubaki mapafuni. Shirika la Afya Duniani (WHO) linasema aina zote za asbestosi husababisha saratani, ikiwamo ya mapafu na ya utando unaoyazunguka. Ugonjwa unaweza kujitokeza baada ya miaka 20, 40 au zaidi, na ndiyo maana fundi anayekohoa uzeeni huenda asikumbuke paa alilolibomoa ujanani. Umoja wa Ulaya ulikamilisha marufuku yake mwaka 2005, na Afrika Kusini ikafuata mwaka 2008.

Kwa mkazi wa Nambis, wilayani Mbulu, mkoani Manyara, kishawishi ni rahisi kukielewa. Mtu akiambiwa kuna karatasi kuukuu zinazotupwa mahali fulani, ataona amepata bure cha kufunikia banda la trekta au la ng'ombe. Bure hiyo ni ghali, kwa kuwa kila karatasi itakayotobolewa upya itamwaga vumbi juu ya kichwa cha anayeitoboa.

Kazi yenyewe hufanywa taratibu. Karatasi hulowanishwa kwa maji yenye sabuni kidogo ili vumbi lisipae. Bolti zilizoshikwa na kutu hukatwa vichwa badala ya kung'olewa kwa nguvu, kisha karatasi huteremshwa nzima, moja moja, bila kurushwa chini. Asiwepo mtu wa kukanyaga paa hilo, kwani asbestosi iliyozeeka huvunjika ghafla na wengi huanguka. Barakoa ya kitambaa haizuii nyuzi hizo. Inahitajika ile maalumu ya vumbi laini. Nguo za kazi nazo zisipelekwe nyumbani kufuliwa pamoja na za watoto.

Banda la vipande vya zege lina jambo jingine ambalo mafundi wengi hulisahau. Kuta zake ni nyembamba, zimeshikizwa kwa bolti, na mara nyingi kenchi za paa ndizo zinazoshika vichwa vya kuta zisilale nje au ndani. Kwa hiyo kabla ya kuondoa kenchi, kuta hutegemezwa kwa mbao.

Baada ya hapo huja suala la uzito. Mita moja ya mraba ya asbestosi hukaribia kilo 15, wakati bati la geji 28 halizidi sana kilo 4. Wenye nyumba hufurahia wepesi huo, lakini upepo huufurahia zaidi. Tembe la Wairaqw, lenye paa bapa la udongo lililochimbiwa ubavuni mwa mlima, halikuwa na cha kung'olewa. Bati jepesi katika nyanda za juu za Mbulu linacho. Papi zifungwe imara kwenye kenchi, nazo kenchi zishikizwe ukutani kwa vyuma, si kwa msumari mmoja. Geji nayo itazamwe: kadiri namba inavyokuwa kubwa ndivyo bati linavyokuwa jembamba.

Asubuhi za baridi, za Juni na Julai, bati tupu hutoa jasho upande wa ndani na kudondoshea gari maji. Nafasi ya hewa kupita chini ya paa hupunguza tatizo hilo.

Karatasi zilizoteremshwa hufungwa kwa plastiki nzito na kuandikwa kilichomo. Ni taka hatarishi, na usimamizi wake uko chini ya Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004. Kwa sababu hiyo, Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira (NEMC) huulizwa mahali pa kuzipeleka kabla bolti ya kwanza haijakatwa. Kuzisaga ziwe kifusi cha kujazia barabara ya mtaa ni kuwagawia majirani vumbi lile lile.