Vigae vya nyumba ya mama: Mjue fundi kabla ya kulipia katoni

Desemba ikikaribia, mabasi yatokayo Nairobi kwenda Homa Bay na Migori huanza kujaa. Lakini kabla ya watoto kufika nyumbani, pesa zao huwa zimetangulia kwa simu, na siku hizi aghalabu ni za kutia vigae nyumba ya wazazi. Sakafu ya udongo iliyosiribwa kwa samadi ya ng'ombe iliipisha ile ya saruji nyekundu iliyosuguliwa kwa nta. Sasa saruji nayo inavipisha vigae.

Si jambo baya. Vigae huoshwa kwa urahisi na havitoi vumbi ambamo funza hupenda kuzaliana. Hata hivyo, hii ni kazi isiyosamehe makosa. Kigae kikishashikana na saruji hakibanduki kikiwa kizima. Fundi akiharibu, gharama ya vigae hupotea pamoja na ya kazi, kisha mwenye nyumba hulipa mara ya pili kuvibomoa. Basi mtu aliye mjini afanyeje ili pesa zake zisizikwe sakafuni?

Anza na sakafu, si duka

Kigae hakina nguvu zake chenyewe. Hubebwa na kilicho chini yake. Sehemu nyingi za Homa Bay, kwa mfano bonde la Lambwe, zina udongo mweusi ambao hufura wakati wa mvua na kupasuka wakati wa kiangazi. Nyumba iliyojengwa bila kuuondoa udongo huo na kuweka mawe na moramu hupanda na kushuka pamoja nao. Ukitia vigae juu ya sakafu kama hiyo, ufa ulio chini utatokeza juu.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Kwa hivyo, mwombe aliye nyumbani akupigie picha za sakafu ilivyo. Ufa mwembamba usiobadilika hurekebishika. Lakini ufa unaopanuka kila kiangazi ni ugonjwa wa msingi, nao hautibiwi kwa vigae. Sakafu mpya ya zege nayo iachwe ikauke kwa siku zisizopungua 28. Anayemwaga zege mwanzoni mwa Desemba ili vigae viwe tayari kwa Krismasi anajitafutia hasara.

Kung'aa si kufaa

Kigae king'aacho kama kioo hupendeza dukani, lakini kikilowa maji huteleza. Mzee wa miaka 70 akianguka na kuvunjika nyonga, uzuri wa nyumba hautamfaa kitu. Bafuni, jikoni na barazani, chagua kigae chenye uso wa kukwaruza. Kukijaribu, kimwagie maji palepale dukani kisha ukisugue kwa soli ya kiatu.

Kadhalika, kuna vigae vya ukutani na vya sakafuni. Geuza kigae na kukitia maji mgongoni. Kikiyanywa upesi, yaelekea ni cha ukutani, na sakafuni kitavunjika. Kile kigumu kiitwacho poselini hakifyonzi maji zaidi ya asilimia 0.5 ya uzito wake. Kwa sababu hiyo, saruji tupu haikishiki vizuri, nacho huhitaji gundi ya vigae. Baadhi ya katoni pia huwa na herufi PEI na nambari, kuanzia 1 hadi 5, inayoonyesha jinsi uso unavyostahimili kusuguliwa. Chumba cha kulala kitatosheka na 3, lakini sebule inayoingiwa kwa viatu vyenye mchanga yafaa ipate 4.

Usidhani kwamba kilichotoka mbali ndicho bora. Kenya hutengeneza vigae, kwa mfano katika kiwanda cha Keda kilichofunguliwa Kajiado mwaka wa 2016, na Tanzania ina viwanda vyake Mkuranga na Chalinze. Mjini Migori, ulio kwenye barabara kuu ya kwenda mpakani Isebania, usishangae ukisikia vikiitwa marumaru, kama wasemavyo jirani zetu. Jina lolote lile, tafuta alama ya ubora ya KEBS.

Hesabu ya katoni

Tuseme sebule ina urefu wa mita 4 na upana wa mita 3.5. Eneo lake ni mita mraba 14. Kigae cha sentimita 40 kwa 40 hufunika mita mraba 0.16, kwa hivyo utahitaji vigae 88. Ongeza asilimia 10 kwa vitakavyokatwa na kuvunjika, upate 97. Ikiwa katoni moja ina vigae 10, nunua katoni 10. Fundi akidai 15, mwombe akuonyeshe hesabu yake.

Nunua zote kwa mara moja, na uhakikishe nambari ya rangi iliyoandikwa kwenye katoni ni moja. Vigae vya jina moja vilivyochomwa siku tofauti hutofautiana rangi. Vitakavyobaki vihifadhiwe kwa marekebisho ya baadaye.

Fundi ni nani?

Picha za kazi kwenye simu si ushahidi, kwani zaweza kuwa za mtu mwingine. Omba kupelekwa katika nyumba aliyoitia vigae miaka miwili iliyopita. Gonga sakafu kwa sarafu. Mlio wa uwazi, kama wa debe tupu, huonyesha kwamba chini hakukujaa saruji au gundi. Fundi mvivu huweka mabonge matano tu nyuma ya kigae na kukibandika. Fundi hodari hutandaza gundi kwa mwiko wa meno ili ijae kote.

Muulize pia kama amefanya mtihani wa ufundi wa NITA. Wapo mahodari wasio na cheti, lakini hao wapimwe kwa kazi ndogo kwanza. Wape bafu. Maji yakielekea yenyewe kwenye tundu la kutokea bila kutuama pembeni, fundi huyo anajua matumizi ya pimamaji.

Pesa zigawe

Pesa za vifaa zisichanganywe na za kazi. Lipia vifaa moja kwa moja kwa mwenye duka, na shemeji au ndugu aliye nyumbani ahesabu katoni zikifika. Malipo ya kazi yaafikiwe kwa mita mraba, yaandikwe mbele ya shahidi, na yatolewe kwa awamu. Zuia angalau sehemu moja ya kumi hadi kazi ikaguliwe kwa sarafu na kwa maji. Ujumbe wa simu wa kila malipo usifutwe, kwani ndio risiti yako.

Ikiwa pesa hazitoshi kwa vigae vizuri na fundi mzuri pamoja, punguza bei ya kigae, usipunguze ya fundi. Kigae cha bei nafuu kilichowekwa vyema kitadumu miaka mingi. Kigae ghali kilichowekwa ovyo huenda kisifike Krismasi ya pili.