Programu Huria za Uchoraji: Fursa ya Wasanii wa Kibaha na Kisarawe Kutumia na Kuchangia

Mchora mabango wa Maili Moja mjini Kibaha na mwalimu wa sanaa wa Maneromango wilayani Kisarawe wanaweza leo kutumia, bila kulipa ada na bila kuvunja sheria, programu zilezile za uchoraji wa kidijitali zinazotumiwa na wasanii wa Ulaya, Asia na Marekani. Jambo ambalo bado halifahamiki kwa wengi ni kwamba programu hizo hazimilikiwi na kampuni moja inayoziuza, bali hujengwa na watu wa mataifa mbalimbali wanaotoa sehemu ya muda na ujuzi wao, na kwamba mlango wa kuchangia uko wazi kwa Mtanzania pia.

Makala haya yanaeleza maana ya programu huria, namna zinavyofanya kazi, njia ambazo mwananchi anaweza kuzitumia kuchangia, na mambo ya kuzingatia ili mchango huo udumu.

Programu huria ni nini?

Kila programu ya kompyuta huandikwa kwanza kwa maelekezo wanayoyasoma na kuyaelewa watengenezaji wake. Maelekezo hayo huitwa msimbo. Katika programu nyingi za kibiashara msimbo hubaki kuwa siri ya kampuni, na mnunuzi hupewa kibali cha kuitumia programu tu. Katika programu huria msimbo huwekwa wazi, na leseni humpa mtumiaji haki nne: kuitumia programu kwa kazi yoyote, kusoma namna ilivyotengenezwa, kuinakili na kuwapa wengine, na kuibadili kisha kusambaza toleo alilolibadili.

Leseni inayofahamika zaidi ni GNU GPL, ambayo toleo lake la kwanza lilitoka mwaka 1989. Leseni hiyo inamtaka kila anayesambaza toleo alilolibadili autoe pia msimbo wake kwa masharti yaleyale, ili kilichoanza kuwa mali ya wote kisigeuzwe kuwa mali ya mmoja.

Miongoni mwa programu za picha zilizo chini ya leseni hiyo ni GIMP, iliyoanzishwa mwaka 1995 na Spencer Kimball na Peter Mattis walipokuwa wanafunzi wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley. Nyingine ni Krita, iliyoanza mwaka 1999 ndani ya jumuiya ya watengenezaji iitwayo KDE, ambayo baadaye ilielekezwa mahsusi kwa wachoraji. Jina Krita ni neno la Kiswidi lenye maana ya chaki. Ipo pia Blender, ya michoro ya pande tatu na katuni za video. Kampuni iliyokuwa ikiimiliki Blender ilipofungwa, watumiaji wake walichangishana euro 100,000 mwaka 2002 ili msimbo wake ukombolewe na kuwa huria.

Kwa nini suala hili linamhusu mwananchi?

Sababu ya kwanza ni ya kisheria. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya mwaka 1999 inazitambua programu za kompyuta kuwa kazi zinazolindwa, sawa na vitabu. Kijana anayesakinisha nakala iliyovunjwa ya programu ya kibiashara anaingilia haki ya mwenye kazi, hata kama nakala hiyo ameuziwa kwa bei ndogo. Aidha, nakala za namna hiyo huweza kubeba virusi vinavyoharibu kompyuta au kuiba taarifa za mtumiaji. Msanii anayetaka kazi zake zilindwe na sheria hiyohiyo ana kila sababu ya kuanza kwa kuheshimu kazi za wenzake.

Sababu ya pili ni ya gharama. Shule yenye kompyuta 20 inayotumia programu ya kibiashara hulazimika kwa kawaida kulipia kila kompyuta, na mara nyingi malipo hayo hurudiwa kila mwaka. Kwa programu huria, mtu mmoja anaweza kupakua faili ya usakinishaji akiwa mahali penye mtandao imara, akaiweka kwenye flashi, na kuipeleka Mzenga au Masaki kwa ajili ya kompyuta zote za shule. Kitendo hicho hakihitaji kibali cha ziada, kwa kuwa haki ya kunakili imo ndani ya leseni yenyewe.

Sababu ya tatu ni ya elimu. Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, imeweka mkazo katika elimu ya amali, na utekelezaji wa mitaala mipya ulianza mwaka 2024. Mwanafunzi anayejifunza ubunifu wa picha anahitaji zana atakayoendelea kuwa nayo baada ya kumaliza shule. Zana ambayo kibali chake kinakwisha siku anapoondoka darasani haimsaidii kujiajiri.

Ikumbukwe kuwa leseni ya programu haigusi umiliki wa michoro. Picha iliyochorwa kwa Krita au GIMP ni mali ya aliyeichora, naye ana haki ya kuiuza, kuichapisha au kuizuia isitumiwe.

Namna programu ya uchoraji inavyofanya kazi

Mchoraji anapopitisha kalamu ya kidijitali juu ya ubao wa kuchorea, ubao huo hutuma kwenye kompyuta taarifa za mahali ilipo kalamu na nguvu ya mkono inayoikandamiza. Programu huzitumia taarifa hizo kuweka alama ndogo za brashi, moja baada ya nyingine, kwa ukaribu unaolifanya jicho lione mstari mmoja. Mkono ukikandamiza zaidi, alama huwa pana au nzito. Ukilegea, huwa nyembamba au hafifu. Asiye na ubao huo anaweza kuanza kwa kipanya, ingawa hatapata tofauti hiyo ya mkandamizo.

Picha hugawanywa katika matabaka yanayolala moja juu ya jingine, ili mchoraji aweze kubadili mandhari bila kugusa sura ya mtu aliyeichora juu yake. Matabaka hayo hutumia kumbukumbu ya kompyuta. Picha ya ukubwa wa karatasi ya A4 kwa uchapishaji wa nukta 300 kwa inchi ina pikseli 2,480 kwa 3,508. Kwa kuwa kila pikseli kwa kawaida huhitaji baiti nne, yaani tatu za rangi na moja ya uwazi, tabaka moja lililojaa rangi huchukua takribani megabaiti 35, na matabaka kumi huchukua takribani megabaiti 350. Hesabu hiyo humsaidia mwenye kompyuta ya zamani kupanga kazi yake: aunganishe matabaka aliyokwisha kuyamaliza badala ya kuyaacha yalundikane.

Kwa mafundi na wasanii wa Pwani, zipo nyenzo zinazoendana na kazi wanazozifahamu. Krita ina hali ya kuchora ambayo picha hujirudia pande zote, kiasi kwamba mstari unaotokea upande wa kulia huingia papo hapo upande wa kushoto. Mbunifu wa pindo au mji wa kanga, au wa nakshi zinazofanana na za mikeka ya ukindu, huona mara moja kama kingo za mchoro wake zinakutana au zinaachana, kabla hajapeleka kazi kiwandani.

Njia za kuchangia

Wengi hudhani kuwa mchango katika programu huria ni kazi ya wataalamu wa kompyuta pekee. Ukweli ni kwamba kazi iliyo nyingi haihitaji kuandika msimbo.

Njia ya kwanza ni kutoa taarifa ya hitilafu. Programu inapozimika ghafla au brashi inapokataa kufuata kalamu, mtumiaji anaweza kuwajulisha watengenezaji kupitia mfumo wao wa kupokea taarifa. Taarifa yenye manufaa hutaja toleo la programu, aina ya kompyuta, hatua zilizofuatwa hadi tatizo kutokea, kilichotarajiwa na kilichotokea. Ujumbe usemao tu kwamba programu ni mbovu haumsaidii mtengenezaji aliye mbali. Watumiaji wenye kompyuta za uwezo mdogo wana nafasi ya pekee hapa, kwa kuwa wanakutana na matatizo ambayo mwenye mashine mpya hayaoni.

Njia ya pili ni tafsiri. Maneno yote ya menyu hutunzwa katika faili zilizotengwa na msimbo, ambamo kila sentensi ya lugha ya awali huwekewa tafsiri yake. Mfasiri hahitaji kujua kutengeneza programu. Anahitaji kuijua lugha na kuielewa kazi ya uchoraji. Ni lazima aamue, kwa mfano, kama atatumia tabaka au leya, na neno atakalolichagua alitumie vilevile kila mahali. Kwa kazi hiyo, mchoraji wa Kisarawe anayejua mafundi wenzake husema nini na mwalimu wa Kiswahili wanahitajiana. Lugha yoyote huonekana katika programu kwa kadiri wenye lugha hiyo walivyoifanyia kazi.

Njia ya tatu ni kutoa vifaa na mafunzo: seti za brashi, nakshi zilizochorwa na msanii mwenyewe, na maelezo ya kujifunzia kwa Kiswahili. Tahadhari inahitajika katika nakshi, kwani kinachotolewa kwa wote kinapaswa kuwa cha anayekitoa, si mchoro wa mtu mwingine.

Njia ya nne ni msimbo. Krita imeandikwa kwa lugha ya kompyuta iitwayo C++. Anayetaka kurekebisha jambo huchukua nakala ya msimbo, hufanya badiliko dogo, kisha huliwasilisha likaguliwe na wasimamizi. Badiliko linaweza kukubaliwa au kurudishwa lifanyiwe marekebisho, na kurudishiwa kazi si aibu bali ni sehemu ya kujifunza. Vijana wenye umri wa miaka 18 na kuendelea wanaweza pia kufuatilia mpango wa kila mwaka wa kampuni ya Google ulioanza mwaka 2005, ambao huwalipa posho wachangiaji wapya wanaofanya kazi katika miradi ya programu huria chini ya uangalizi wa wazoefu.

Njia ya tano ni fedha. Krita hupatikana bila malipo katika tovuti yake ya krita.org, lakini pia huuzwa katika baadhi ya maduka ya mtandaoni, na mapato hayo pamoja na michango ya hiari husaidia kuwalipa watengenezaji.

Uzoefu wa Tanzania

Kazi ya namna hii si ngeni nchini. Mwezi Desemba 2004, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kwa kushirikiana na wataalamu kutoka Sweden kilitoa Jambo OpenOffice, programu huria ya kazi za ofisi yenye menyu kwa lugha ya Kiswahili, kupitia mradi uliojulikana kama Kilinux. Mradi huo ulithibitisha kuwa Kiswahili kinaweza kubeba istilahi za kompyuta. Hata hivyo, uzoefu wa kazi za aina hiyo unafundisha jambo la pili: programu hutoa matoleo mapya kila mara, na kila toleo huja na maneno mapya. Tafsiri isiyo na watu wa kuiendeleza hupitwa na wakati, hata kama ilianza vizuri.

Mfano mwingine uko karibu zaidi. Takwimu za vituo vya afya nchini hukusanywa kwa mfumo wa DHIS2, ambao ni programu huria inayoratibiwa na Chuo Kikuu cha Oslo nchini Norway, na Mkoa wa Pwani ulikuwa miongoni mwa maeneo yaliyotangulia kuutumia kabla ya kuenea nchi nzima. Wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam hawakuishia kuupokea mfumo huo; wameufanyia kazi na kuuongezea nyenzo zinazoendana na mahitaji ya nchi. Umedumu kwa sababu wapo watu hapa nchini ambao kuutunza ni kazi yao.

Wakazi wa Kibaha wanalifahamu somo hilo kwa njia nyingine. Shirika la Elimu Kibaha lilianza mwaka 1963 kama mradi wa nchi za Nordiki, likakabidhiwa Tanzania mwaka 1970. Limeendelea kuhudumia wananchi kwa kuwa waliolipokea walilichukua kuwa lao.

Mahali pa kuanzia

Mwananchi anayetaka kuanza anashauriwa kupakua programu kutoka tovuti rasmi za miradi yenyewe, si kwa watu wasiojulikana. Ajifunze kwanza kwa kuitumia katika kazi halisi, kama bango la duka, kielelezo cha darasani au kadi ya mwaliko. Atunze daftari la matatizo anayokutana nayo na maneno anayoona yanafaa kwa Kiswahili. Baada ya miezi michache, daftari hilo litakuwa mchango tayari.

Kwa shule na vyuo vya Kibaha na Kisarawe, kikundi cha watu watano wanaokutana kila juma ni bora kuliko semina moja kubwa isiyofuatiwa na lolote. Kikundi kinaweza kugawana kazi: mmoja akajaribu toleo jipya, wawili wakafasiri, mmoja akasahihisha Kiswahili, na mwingine akaandika mafunzo kwa wanaoanza. Mwanachama mmoja anapohitimu na kuondoka, wengine wanne hubaki na kumfundisha mgeni.