Gitaa la Umeme la Bei Nafuu: Uteuzi na Uboreshaji Wake kwa Mwanamuziki wa Lindi, Kibera

Utangulizi

Fundi Konde, mwanamuziki wa pwani ya Kenya aliyefariki mwaka wa 2000, huhesabiwa miongoni mwa Wakenya wa mwanzo kurekodi nyimbo kwa gitaa la umeme. Tangu siku zake, ala hiyo imekuwa mhimili wa wimbo wa kisasa nchini. Benga, iliyochipuka miongoni mwa Waluo, iliuhamishia kwenye gitaa upigaji wa nyatiti, ala ya jadi yenye nyuzi 8. Hali kadhalika, Simba Wanyika na Les Wanyika, bendi iliyojitenga nayo mwaka wa 1978, zilieneza nyimbo za Kiswahili kwa mpangilio wa magitaa ya solo, rithimu na besi. Mtafiti anayechunguza maneno ya nyimbo hizo pekee huwa amesoma nusu tu ya matini.

Aghalabu, hata hivyo, safari ya mwanamuziki haianzii studioni, bali nyumbani. Lindi ni mojawapo ya vijiji vya Kibera, jijini Nairobi, ambako familia nyingi huishi katika chumba kimoja cha takriban futi 10 kwa 10. Kijana wa huko, sawa na mwenzake wa Kawangware, akidunduiza fedha hadi akanunua gitaa bovu, huenda asipate fedha nyingine. Makala haya yanaeleza namna ya kuchagua gitaa la bei nafuu na kuliboresha. Hoja yake kuu ni kwamba ubora hutegemea mpangilio wa marekebisho kuliko bei ya vipuri.

Namna Gitaa Linavyotoa Sauti

Chini ya nyuzi za gitaa la umeme mna vinasa-sauti. Kila kinasa ni sumaku iliyozungushiwa waya mwembamba wa shaba mara maelfu. Uzi wa chuma unapotikisika juu ya sumaku, mkondo mdogo wa umeme huzaliwa katika waya huo, ukapitia vidhibiti vya sauti hadi kwenye amplifaya. Ndiyo maana nyuzi za nailoni hazifai kwa vinasa vya aina hii. Kutokana na maelezo haya, ni dhahiri kuwa kinasa hunasa tu kile ambacho uzi umekitoa. Uzi uliochakaa, au ulioshikiliwa vibaya, hautarekebishwa na kinasa cha bei ghali.

Uteuzi

Wahenga walinena kwamba kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Dukani, lakini, rangi inayong'aa huweza kuficha shingo iliyopinda. Mnunuzi aanze na shingo hiyo. Ailenge kwa jicho moja kutoka kichwani, kama alengaye mshale, ili aone kama imejipinda kama parafujo. Mpindo wa namna hiyo ni vigumu kuurekebisha. Mpindo mdogo wa kwenda mbele au nyuma si kasoro kubwa, mradi fimbo ya chuma iliyofichwa ndani ya shingo bado inazunguka inapokazwa au kulegezwa.

Pili, apige kila uzi kwenye kila chuma kinachokingama shingoni, akisikiliza mahali sauti inapokwaruza au kufa. Tatu, azungushe vigingi vya kukazia nyuzi na kuhakikisha kwamba havitelezi. Mwisho, aunganishe gitaa na amplifaya, ajaribu kila kinasa na kila kidhibiti. Mkwaruzo unaotokea kidhibiti kinapozungushwa mara nyingi husababishwa na vumbi, nao ni sababu nzuri ya kupunguziwa bei. Ni busara pia kutotumia fedha zote siku hiyo: katika kila shilingi 10 za akiba, 3 zibakizwe kwa matengenezo.

Uboreshaji

Hatua ya kwanza ni nyuzi mpya. Ya pili ni kurekebisha shingo na kimo cha nyuzi. Ya tatu ni urari wa sauti. Chuma cha 12 huugawa uzi katikati. Kwa hivyo sauti ya uzi uliobanwa hapo sharti ilingane na ile inayotoka uzi unapoguswa kidogo tu mahali hapo hapo. Ikiwa sauti ya uzi uliobanwa iko juu zaidi, kishikizo chake darajani kisogezwe nyuma, mbali na shingo.

Hatua ya nne inahusu kipande chenye mifuo 6 ambacho hupokea nyuzi mwanzoni mwa shingo. Katika magitaa ya bei nafuu, kipande hiki huwa cha plastiki hafifu, na nyuzi zikikwama humo gitaa hupoteza urari kila mara. Mfupa wa ng'ombe ni mojawapo ya mali ghafi bora zaidi za kukitengenezea. Kibera ina mafundi wanaochonga bangili na vipuli kwa mfupa huo huo. Fundi wa aina hiyo, akipewa kipande cha zamani awe na vipimo, ana ujuzi wa kuchonga kipya; kinachohitaji uangalifu ni kina cha mifuo.

Kubadilisha vinasa-sauti kuwe hatua ya mwisho, tena kuongozwe na aina ya muziki. Benga, kwa mfano, huhitaji sauti kavu na ya juu, ambamo kila uzi husikika peke yake. Kinasa cha koili moja huitoa sauti hiyo vyema.

Usalama

Nyuzi za gitaa huunganishwa na waya wa ardhini kupitia daraja. Amplifaya ikiwa na hitilafu, na nyumba ikiwa haina waya huo, nyuzi zenyewe zaweza kubeba umeme. Mwaka wa 1972, mpiga gitaa Les Harvey alifariki jukwaani mjini Swansea, Wales, baada ya kugusa maikrofoni isiyounganishwa na ardhi. Kwa kuwa stima katika sehemu nyingi za Kibera huunganishwa kiholela, amplifaya ndogo ya betri ni chaguo salama zaidi. Ikiwa na tundu la vipokea-sauti vya masikioni, hata jirani nyuma ya ukuta wa mabati atalala.

Hitimisho

Imebainika kwamba gitaa la bei nafuu lenye shingo nzuri, nyuzi mpya na kipande cha mfupa kilichochongwa vyema laweza kumtumikia mwanamuziki kwa miaka mingi. Imebainika pia kwamba Kiswahili kina kichwa, shingo, daraja na vigingi vya kulielezea, ila vyuma vya shingoni na kipande chenye mifuo bado havina majina yaliyozoeleka. Wanafunzi wa Kiswahili wanaweza kuyatafuta kwa mafundi na wapigaji wenyewe kabla ya kuyabuni.